Fulana ya Zambarau: Uchunguzi wa Mtembezi Mmoja wa Gitega

Matembezi ya hisani ni mwendo wa hiari wa kundi la watu waliokubaliana kutembea umbali fulani, kutoka mahali wanapopajua hadi mahali ambako basi lingewafikisha mapema zaidi na kwa nauli ndogo, kwa sharti kwamba watu wengine waliobaki nyumbani watatoa fedha kwa kila kilomita itakayotembewa. Mchumi akiutazama utaratibu huu ataona mara moja kwamba una kasoro, kwani anayetoka jasho halipwi, anayelipa hatoki jasho, na mgonjwa anayekusudiwa kufaidika mara nyingi amekatazwa na daktari wake kushinda juani. Hata hivyo utaratibu wenyewe umeota mizizi: shirika la March of Dimes la Marekani lilianza kuwatembeza wahisani wake mwaka 1970, jijini Dar es Salaam mbio za benki ya CRDB zimechangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na Kigali yenyewe imekuwa na mbio zake za amani tangu mwaka 2005. Insha hii haishughuliki na matukio makubwa ya namna hiyo. Inamchunguza mtembezi mmoja tu, mkazi wa Gitega jijini Kigali, ambaye mwandishi anamfahamu kwa karibu kiasi kwamba wawili hao huvaa jozi moja ya viatu, na namna alivyotoka nyumbani Jumapili moja ya Mei ili kuchangia utafiti wa magonjwa ya kinga kujishambulia, akarudi akiwa mwanachama wa kitu kingine kabisa.

Magonjwa ya kinga kujishambulia ni yale ambayo mfumo wa kinga, uliowekwa mwilini ili upambane na vijidudu vinavyotoka nje, hukosea ukawashambulia wenyeji. Aina zake zilizokwisha kutambuliwa ni zaidi ya 80. Kinga ikishambulia maungio ya mifupa, ugonjwa huitwa baridi yabisi; ikishambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, yaani homoni inayoiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia ndani ya chembe za mwili, huitwa kisukari aina ya kwanza; na ikikataa kuchagua, ikashambulia ngozi, maungio, figo na hata moyo, huitwa lupusi, neno la Kilatini lenye maana ya mbwa mwitu, kwa kuwa waganga wa zamani waliona vidonda vya usoni kama alama za meno ya mnyama huyo. Kati ya kila wagonjwa kumi wa lupusi, takriban tisa ni wanawake. Rangi yake duniani ni zambarau na siku yake, tangu mwaka 2004, ni tarehe 10 Mei, jambo ambalo msomaji anaombwa alikumbuke kwa sababu rangi hiyo ndiyo iliyoleta balaa lote linaloelezwa hapa chini.

Wataalamu wenyewe walichelewa kukubali kwamba mwili unaweza kufanya upuuzi wa namna hiyo. Paul Ehrlich, mwanasayansi wa Ujerumani aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, alishikilia kwamba mwili una hofu ya asili ya kujitia sumu, na kwa kuwa jina lake lilikuwa kubwa, waliomfuata walikaa nusu karne wakiliona jambo hilo kuwa haliwezekani, hata pale lilipokuwa limelala kitandani mbele yao likilalamika. Mwaka 1956 Noel Rose na mwalimu wake Ernest Witebsky, jijini Buffalo nchini Marekani, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba sungura akidungwa dondoo la tezi lake mwenyewe la shingoni, kinga yake inaweza kuligeukia tezi hilo na kuliharibu. Ndivyo sungura alivyomshinda mshindi wa Nobel.

Kumweleza mwanasayansi habari hizi ni kazi rahisi kuliko kuzieleza mlangoni kwa jirani anayetaka kujua kwanza ni kwa nini anaombwa fedha. Gitega ni umurenge, yaani kata, wa wilaya ya Nyarugenge, wenye vitongoji sita vikubwa viitwavyo utugari, navyo ni Akabahizi, Akabeza, Gacyamo, Kigarama, Kinyange na Kora, ambavyo vyote vimejibana kwenye mteremko kiasi kwamba bati la mmoja huwa karibu sawa na kizingiti cha mwingine, na mazungumzo ya chakula cha jioni husikika hadi kwa wasioalikwa. Kiswahili si mgeni huko. Kilikuwa kikizungumzwa Biryogo na Nyamirambo, vilima vya jirani, tangu enzi za wafanyabiashara na wakoloni, muda mrefu kabla ya Bunge la Rwanda kukipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na ndicho alichokitumia mtembezi alipopita mlango kwa mlango na daftari la shule mkononi akiandika ahadi.

Katika mlango wa kwanza alitumia neno molekuli, akapewa maji ya kunywa na pole. Katika mlango wa pili alibadilisha mbinu, akaufananisha mfumo wa kinga na irondo, yaani ulinzi wa usiku wa mtaa ambao wakazi huuchangia kila mwezi, akaeleza kwamba ugonjwa ni sawa na walinzi hao kumkuta baba mwenye nyumba akirudi saa sita za usiku, wakamdhania mwizi, wakampiga. Fundi cherehani wa mlango huo, ambaye huenda alikuwa na historia yake na irondo, alisema kwamba habari hiyo haina haja ya kutafitiwa kwa kuwa chanzo chake kinajulikana, lakini akaahidi faranga 200 kwa kilomita. Mwenye duka aliahidi 300, ila kwa kilomita za kupanda tu, akisema kwamba kuteremka hata gunia linaweza. Kinyozi, aliyekuwa hana fedha taslimu, aliahidi kunyoa kichwa kimoja kwa kila kilomita tano.

Mlango wa tatu ulikuwa wa Hajjati. Alisikiliza mfano wa irondo hadi mwisho bila kuacha kuchambua mchele, kisha akauliza:

“Kwa hiyo, mwanangu, mwili unamfukuza mwenye nyumba?”

“Ndiyo, Hajjati.”

“Na wewe ukitembea, utaacha?”

Swali hilo, ambalo ndilo hasa linalopaswa kuulizwa kuhusu matembezi yote ya hisani, halikupata jibu la maana. Hajjati aliahidi faranga 500 kwa kila kilomita, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyoandikwa daftarini, akieleza bayana kwamba fedha hizo si za ugonjwa bali ni za kumwona mtu mwenye tumbo lile akipanda Kwa Mutwe.

Kwa Mutwe ni mpando wa mawe ulio upande wa Kimisagara, unaoelekea Nyamirambo, wenye urefu wa mita kama 400 na mwinamo wa asilimia 11 hivi, ambao dunia iliufahamu Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Siku ya mwisho ya mashindano hayo, wanaume waliendesha kilomita 267.5, Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda, na katika zaidi ya waendeshaji 160 walioanza ni 30 tu waliofika mwisho. Mtembezi aliihifadhi takwimu hiyo moyoni kama akiba ya siku mbaya.

Kuhusu viatu, itoshe kusema kwamba vilikuwa vya caguwa, neno ambalo Kinyarwanda kililichukua kutoka katika Kiswahili “chagua” na kulipa maana ya mitumba. Tangu mwaka 2016, Rwanda ilipopandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo na kuvibana viatu zaidi ya hapo, kuchagua kumekuwa kwa jina tu, na mnunuzi huchukua kile kilichopo. Kilichokuwepo kilikuwa kiatu cha kushoto cha namba 42 na cha kulia ambacho ndani yake, baada ya uchunguzi uliofanyika kilomita ya pili, kilionekana kuwa 41.

Jumapili iliyochaguliwa iliangukia siku ya barabara bila magari. Utaratibu huu, ulioanzishwa na Jiji la Kigali mwezi Mei 2016 ukiwa wa mara moja kwa mwezi na baadaye ukawa mara mbili, hufunga barabara kuu kadhaa kwa saa chache za asubuhi, na watu wa kila umri hujaa humo wakikimbia, wakiendesha baiskeli, wakifanya mazoezi ya viungo kwa muziki na kupimwa shinikizo la damu na sukari bila malipo. Waandaaji wa matembezi waliona ni busara kutumia barabara ambayo tayari imefungwa. Hawakufikiri, wala mtembezi hakufikiri, kwamba mahali ambapo jiji zima linatembea, mtu anayetembea kwa ajili ya jambo fulani hatofautiani hata kidogo na mtu anayetembea kwa ajili ya kiuno chake. Kilichobaki kuwatofautisha kilikuwa fulana ya zambarau.

Mpando wa Kwa Mutwe aliumaliza kwa vituo vinne. Hajjati alikuwa ameteremka hadi Kimisagara na kiti chake cha plastiki ili kuhakikisha kwamba fedha zake zinafanyiwa kazi, na alihesabu vituo hivyo kwa sauti. Mtembezi alipofika juu alikuwa amechelewa kwa dakika 25, macho yamejaa jasho la chumvi, na kitu cha kwanza alichokiona mbele yake kilikuwa mgongo wa zambarau, na mbele ya mgongo huo migongo mingine ya zambarau kama ishirini, ikienda kwa mwendo wa kupendeza, bila haraka. Alishukuru Mungu akajiunga nayo.

Sayansi ina jina la kosa hili. Nadharia ya mfanano wa molekuli inaeleza kwamba baadhi ya vijidudu huvaa protini zinazofanana na zile za mwili, hivyo kinga iliyofundishwa kuzitafuta huendelea kuzitafuta hata baada ya kijidudu kuondoka, ikazikuta kwa wenyeji. Mfano maarufu ni homa ya baridi yabisi, ambapo mtoto huugua koo kwa bakteria wa streptokoka, koo likapona, na wiki chache baadaye kinga inayowasaka bakteria hao ikaziangukia vali za moyo, yaani vile vilango vinavyoizuia damu kurudi nyuma. Vali haina kosa ila kufanana. Kwa mtembezi mambo yalikuwa kinyume, kwani yeye aliwadhania wageni kuwa wenzake, lakini mantiki ni ileile ya kumjua mtu kwa fulana.

Wenye fulana walikuwa ikimina, yaani chama cha akina mama cha kuweka na kukopeshana, ambacho wanachama wake huchanga kiasi fulani kila wiki na kumpa mmoja kwa zamu, na ambacho kilikuwa kimeamua mwaka huo kufanya mazoezi pamoja kabla ya kikao. Mtembezi hakushangaa kuona wanawake pekee, kwa kuwa alikuwa amesoma kwamba wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, akahitimisha kwamba watembezi nao wako kwa uwiano huohuo na kwamba yeye ndiye yule wa kumi. Wao hawakushangaa kumwona kwa kuwa kila mmoja alidhani ni mume wa mwenzake. Walipofika mahali penye muziki walifanya mazoezi ya viungo kwa dakika arobaini, naye akafanya, akiamini kwamba kuruka huko ni sehemu ya hisani na akijuta kutoandikisha ahadi kwa kila mruko. Mweka hazina alipopita na daftari akisema “elfu mbili, elfu mbili,” alitoa elfu mbili bila kuuliza, akafurahi kuona jinsi utafiti unavyochangiwa kwa nidhamu.

Kisha kundi likapanga foleni kwenye hema la vipimo. Muuguzi alimfunga mkono kwa kile kitambaa cha kupima shinikizo, akatazama namba, akamtazama mtembezi, akatazama tena namba, kisha akamwambia kwa upole akae kwenye benchi dakika kumi bila kuzungumza halafu apimwe upya. Ni katika dakika hizo kumi ambapo kundi lingine la watu wenye fulana za zambarau lilipita barabarani, likiwa na bango kubwa lenye kipepeo, ambaye ni alama ya lupusi kutokana na upele unaotanda mashavuni na juu ya pua kwa umbo la mabawa. Mtembezi, kwa kuwa alikuwa amekatazwa kuzungumza, aliwapungia mkono. Nao walimpungia. Baadaye alimnong’oneza mama aliyekaa kando yake kwamba siku hizi kila kikundi kinaiga rangi za wengine.

Ukweli ulidhihirika Biryogo, katika ule mtaa uliofungwa kwa magari na kupakwa rangi, ambako meza hupangwa barabarani na chai ya maziwa yenye tangawizi huletwa kwenye birika la moto kweli. Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua, akasoma majina, akafika mwisho, akauliza huyu baba ni wa nani. Hakuna aliyejibu. Mtembezi alisimama, akaeleza mambo ya kinga, akaeleza irondo, akaeleza sungura wa Buffalo, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kudhihirika kwake mwenyewe kwamba amekunywa chai ya watu. Kicheko kilichofuata kiliwafanya wateja wa meza za jirani wageuke, na mmoja wa akina mama alilazimika kupewa maji.

Mama aliyekuwa na zamu ya kupokea wiki hiyo hakucheka sana. Alisema kwamba ana binti wa miaka kumi na mmoja mwenye kisukari aina ya kwanza, na kwamba habari za irondo zimemwelea kuliko alivyowahi kuelezwa. Akafungua mkoba akaonyesha vijikaratasi vya kupimia sukari, ambavyo ndivyo alivyokuwa akivinunua kwa fedha za zamu yake, kwa kuwa sindano bila kipimo ni sawa na kutia chumvi gizani. Kwao hakuna jokofu, hivyo kichupa cha insulini hukaa ndani ya mfuko uliofungwa, ndani ya chungu kidogo, na chungu hicho ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, na maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Mtu wa kwanza kudungwa insulini, Leonard Thompson wa Toronto, alikuwa na umri wa miaka 14 tu, Januari 1922, na kabla yake mtoto wa namna hiyo alilishwa kidogo kidogo hadi afe. Tangu hapo utafiti umeijua kinga vizuri zaidi, lakini haujaweza kuizuia isile kongosho la mtoto wa Kigali, na kichupa kile bado hakina mbadala. Mtembezi aliona kwamba elfu mbili zake hazikupotea mbali sana.

Ili kumtendea haki, ifahamike kwamba upotevu wa aina hii umewapata wakubwa kuliko yeye. Oktoba 2025 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani na Shimon Sakaguchi wa Japani, kwa kugundua chembe za damu zinazoizuia kinga isishambulie mwili, ambazo katika lugha ya Gitega zingeitwa wasimamizi wa irondo. Kamati ilipompigia simu Ramsdell haikumpata, kwa kuwa alikuwa akitembea porini milimani na simu yake imezimwa mawasiliano, na mke wake alipopiga kelele baada ya kuona ujumbe mwingi umeingia kwa mpigo, yeye alidhani kuna dubu. Tofauti ni kwamba Ramsdell alipojitokeza alikuta tuzo, na mtembezi alipojitokeza alimkuta Hajjati kizingitini.

Hesabu ilifanyika jioni hiyohiyo. Hajjati alikataa katakata kulipia kilomita sita, akitoa hoja ambayo mwandishi, baada ya kuipitia mara kadhaa, ameona haina tundu: kwamba ahadi ilikuwa kwa hatua za ugonjwa, na hatua zilizopigwa pamoja na ikimina ni za ikimina. Alikubali kulipia mpando peke yake, aliouona kwa macho yake, akaukadiria kuwa kilomita moja kwa ukarimu, akatoa 500. Mwenye duka alilipia mpando huohuo, 300. Fundi cherehani, ambaye hakusikiliza maelezo, alilipa kilomita zote sita, yaani 1,200. Jumla yake ni faranga 2,000, sawasawa na kile kilichoingia katika daftari la mweka hazina, nazo zilitumwa kwa waandaaji kwa simu usiku uleule, zikakatwa ada. Kichwa kimoja cha kunyolewa hakikuweza kutumwa, hivyo mtembezi alikitumia mwenyewe.

Ikimina, kwa kuwa jina lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa wino na kanuni zake haziruhusu kufuta, ilimpokea kuwa mwanachama wa ishirini na mbili. Hulipa elfu mbili kila Jumapili na hutozwa faini akichelewa, na huchelewa. Zamu yake ya kupokea itafika mwezi wa Novemba, na baada ya majadiliano marefu nyumbani fedha hizo zimekwisha kuahidiwa zote kwa utafiti, isipokuwa bei ya kiatu kimoja cha kulia, namba 42.